Kuchagua mashine ya spindo kwa milango ya makabati: mwongozo kamili kwa karakana ndogo

Karakana nyingi ndogo za Keko, Buguruni na Manzese, jijini Dar es Salaam, huchonga milango ya makabati kwa rauta ya mkono iliyofungwa chini ya meza. Kwa jiko moja moja njia hiyo inatosha, na kwa fundi anayeanza naiunga mkono kabisa. Oda zikianza kufuatana, rauta inazidiwa: brashi za mota zinaisha haraka, kingo za mninga zinaungua, na kelele inawachosha watu kabla ya saa sita mchana. Hapo ndipo fundi anapoanza kuulizia spindo, ile mashine yenye meza nzito na shafti iliyosimama katikati, inayochonga mifereji, ndimi na nakshi za kingo.

Swali la kwanza dukani huwa ni hosipawa ngapi. Nashauri uanzie upande mwingine. Anza na mlango unaotaka kuuza, uende kwenye visu vinavyoutengeneza, kisha shafti inayobeba visu hivyo, kisha umeme ulionao. Ukifuata mpangilio huo, mashine zinazokufaa zitakuwa zimebaki chache, na muuzaji hatakuyumbisha.

Hatua ya kwanza: amua mlango

Chukua daftari uandike milango uliyouza mwaka huu. Kama karibu yote ni MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) bapa iliyochongwa nakshi juu, au iliyovishwa plastiki, spindo si mashine yako. Pesa hiyo iende kwenye msumeno mzuri wa meza.

Spindo inajilipa kwenye mlango wa fremu na paneli: vipande viwili vya kusimama, viwili vya kulala, na paneli iliyoshikwa kwenye mfereji ndani ya fremu. Paneli ikiwa bapa, kama ya plaiwudi au MDF ya milimita 6, visu vya fremu vinatosha. Ikiwa ni ya mbao nzima yenye mteremko pembeni, utahitaji pia kisu kikubwa cha paneli, na hicho kimoja ndicho kinachobadilisha hesabu yote ya mashine. Mlango wenye upinde juu unaongeza mahitaji mengine: mbao haiwezi tena kuegemea ukuta ulionyooka, kwa hiyo inafuata kalibu inayosugua kwenye beringi iliyo juu ya shafti. Usinunue mashine kwa ajili ya upinde kama wateja wako hawauombi.

Tuchukue mlango wa milimita 400 kwa 700, wenye fremu ya upana wa 60 na mfereji wa kina cha 10. Kipande cha kulala kitakuwa 400 utoe 120, uongeze 20 za ndimi mbili: milimita 300. Nafasi ya paneli kwa upana, kutoka chini ya mfereji mmoja hadi chini ya mwingine, nayo ni 300. Paneli ya mbao nzima ikate 296 au 297, uiache bila gundi, kwa sababu hewa ya Dar ina unyevu mwingi wakati wa masika na mbao hutanuka kwa upana. Paneli iliyokazwa inasukuma fremu mpaka maungio yafunguke. MDF haihitaji nafasi hiyo yote.

Kwa nini hesabu hii ije kabla ya kununua? Kwa sababu inakuonyesha kwamba vipande vya kulala ni vifupi na vyembamba, tena vinachongwa kwenye ncha, kukata nyuzi. Ndiyo kazi ya hatari kuliko zote kwenye spindo, na mashine utakayochagua lazima iiweze kwa usalama.

Hatua ya pili: visu

Fremu inachongwa na visu vya jozi. Kimoja kinachonga mfereji na nakshi kwenye urefu wa mbao. Cha pili kinachonga ncha za vipande vya kulala kwa umbo la kinyume, ili viingiane. Vinunue pamoja, kutoka kwa mtengenezaji mmoja, kwa unene mmoja wa mbao. Jozi ya kuunganishwa dukani, kisu kimoja kutoka kwenye boksi hili na kingine kutoka lile, haitaingiana vizuri hata uhangaike vipi na washa nyembamba.

Tafuta vyenye meno ya kabaidi, ile metali ngumu kuliko chuma cha kawaida. Mvule una vijiwe vya chokaa vilivyojificha ndani ya mbao, na mtiki una chembe za silika. Vyote viwili hufuta makali ya chuma cha kawaida upesi sana. Paini ya Mafinga ni laini, lakini kisu butu kinaichana badala ya kuikata. Kuna visu vya kabaidi iliyochomelewa, na kuna vichwa ambavyo vipande vya kabaidi vinafungwa kwa skrubu na kubadilishwa. Vya kubadilishwa ni ghali kuanzia, ila havipotezi kipimo. Vya kuchomelewa kila vikinolewa umbo hupungua kidogo, na jozi ambayo kimenolewa kisu kimoja tu huacha uwazi kwenye maungio.

Sasa kasi. Hesabu yake ni rahisi: kipenyo cha kisu kwa milimita, zidisha kwa mizunguko ya dakika moja, gawa kwa 19,100. Jibu ni mita kwa sekunde ambazo ncha ya jino inakimbia. Lenga kati ya 40 na 70. Chini ya 40, jino linagonga mbao badala ya kuikata, na mbao hurudishwa kwa nguvu. Juu ya 70 unakaribia kuhatarisha kisu chenyewe. Kisu cha fremu cha milimita 120 kwenye mizunguko 7,000 kinatoa 44, sawa kabisa. Kisu cha paneli cha milimita 180 kwenye 4,500 kinatoa 42, na kwenye 6,000 kinatoa 56 na nusu. Chukua sasa kisu cha paneli cha rauta, cha milimita 89, ukiwashe kwenye 24,000: unapata 112. Kuna karakana zinazofanya hivyo kila siku, nami nawasihi waache leo.

Kwa hiyo mashine yenye kasi moja tu haitakufaa ukitaka fremu na paneli pamoja. Tafuta yenye angalau kasi mbili, na nne ni bora zaidi, mara nyingi kati ya 3,000 na 10,000, zinazobadilishwa kwa kuhamisha mkanda kwenye puli.

Kabla ya kulipia kisu chochote, soma maandishi yaliyochongwa juu yake. Lazima kiwe na mizunguko ya juu inayoruhusiwa. Visu vilivyotengenezwa kwa utaratibu wa Ulaya wa EN 847-1 vina pia herufi: MAN ni vya mbao inayosukumwa kwa mkono, MEC ni vya mbao inayosukumwa na mashine peke yake. Vya MAN vimeundwa ili jino lisiweze kuuma zaidi ya milimita 1.1 kwa mara moja, na umbo lake ni la mviringo uliojaa. Kisu kisicho na maandishi yoyote, hata kiking'aa vipi, kiache kwa muuzaji.

Hatua ya tatu: shafti

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea Dar, kwa sababu soko letu limechanganya mashine za Uingereza, za China, za Italia na za Marekani. Mashine nyingi za Ulaya zina shafti ya milimita 30. Za Marekani zinakuja kwa inchi: nusu inchi, robo tatu, inchi moja, na inchi moja na robo. Inchi moja na robo ni milimita 31.75. Kwa macho huwezi kuitofautisha na 30, na kisu cha tundu hilo kitaingia kwenye shafti ya 30 bila tatizo lolote. Kisha kitazunguka nje ya kitovu, huku jino moja likifanya kazi ya yote. Nenda dukani na kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo, upime shafti na tundu la kisu, usiamini maneno.

Kwa milango ya makabati, ushauri wangu ni shafti ya milimita 30, au ya inchi moja na robo kama mashine na visu vyote vinatoka ukoo mmoja. Robo tatu ya inchi inaweza fremu na paneli ndogo, ila inatetemeka kwenye mninga mgumu. Nusu inchi ni kwa nakshi ndogo za kingo. Mashine ya nusu inchi peke yake haina faida kubwa juu ya rauta uliyo nayo.

Kuna bushi za kupunguzia tundu, za chuma kilichonyooshwa kwa kipimo, na hizo zinakubalika zikiwa za kiwandani na kisu kikiwa kinaziruhusu. Usimpelekee fundi wa lezi Gerezani atanue tundu la kisu. Mafundi wale ni hodari kwa puli na meza ya kuteleza, lakini kisu kilichotanuliwa kinapoteza mizani yake, na kwenye mizunguko 7,000 gramu chache zinatosha kuvunja beringi au jambo baya zaidi.

Pima pia urefu wa shafti unaofaa kutumika, kuanzia kitako mpaka chini ya nati. Visu vya jozi vikipangwa na ringi zake za kujazia nafasi vinaweza kuchukua milimita 60 hadi 80. Na hakikisha tundu la meza ni pana kiasi cha kukizamisha kisu cha paneli chini ya meza, kwa sababu kazi salama ni ile ambayo kisu kiko chini ya mbao: mbao ikiinuka kidogo inakikimbia kisu, na mikono yako ina ngao ya mbao juu yake.

Mwisho, nati. Mashine nzuri ya kuzunguka pande zote mbili ina washa yenye jino linaloingia kwenye mfereji wa shafti, au nati mbili, ili kuzunguka kinyume kusiilegeze. Kama haina, iendeshe upande mmoja tu.

Hatua ya nne: umeme

Umeme wetu ni volti 230 kwa njia moja (fezi moja) na 400 kwa njia tatu (fezi tatu), hezi 50. Soma kibao cha mota kabla ya kusikiliza kingine chochote. Mota ya volti 110 ya Marekani itaungua. Mota ya volti 230 lakini ya hezi 60 itawaka na kuzunguka, ila kwa kasi pungufu kwa sehemu moja ya sita, yaani 10,000 zinakuwa kama 8,300, na itapata joto kuliko ilivyokusudiwa. Ukiipenda mashine hiyo, bei yake ihesabu pamoja na mota mpya.

Kwa milango, hosipawa 3, yaani kilowati 2.2, ndiyo kiwango ninachokipendekeza kwa karakana ndogo. Chini ya hapo kisu cha paneli utakipitisha mara nyingi mno. Hosipawa 5 ni nzuri ukiwa na njia tatu. Kwa njia moja, hosipawa 3 inavuta ampia kama 14 ikiwa na mzigo, na zaidi sana inapoanza, kwa hiyo soketi ya kawaida ya 13 A haitoshi. Inahitaji waya wake wenyewe kutoka kwenye bodi, wa milimita mraba 4 kama umbali ni mrefu, na swichi yake ya kujikata. Kazi hiyo mpe fundi umeme mwenye leseni.

Kama una njia moja na umepata mashine nzuri ya njia tatu, usiikimbie. Inveta ya njia moja kwenda tatu inafanya kazi vizuri kwa mota ndogo, kwa sharti moja: kibao kiseme 230/400. Mota hiyo inafungwa kwa mpango wa delta na inveta inaipa volti 230. Mota iliyoandikwa 400/690 haitakubali. Tena usitumie inveta kuipandisha shafti juu ya kasi yake ya kiwandani.

Kuna kifaa kimoja ambacho kwa Dar ni cha lazima: swichi isiyojiwasha yenyewe umeme ukirudi. Umeme unakatika, fundi anasogea, anainama kubadilisha kisu, mkono uko kwenye nati, kisha umeme unarudi. Mashine yenye swichi ya kawaida ya kupindua itaanza kuzunguka. Ijaribu dukani mbele ya muuzaji: washa, kata umeme ukutani, rudisha. Ikiamka yenyewe, swichi ibadilishwe kabla haijatoka pale. Na hata ukiwa na swichi nzuri, kubadilisha kisu ni baada ya kuchomoa waya.

Hatua ya tano: mwili wa mashine

Uzito ni rafiki yako. Meza iwe ya chuma cha kusubu, iliyonyooka. Weka rula ndefu ya chuma kwa mshazari kona hadi kona, utazame kama mwanga unapita chini yake. Ukuta wa kuongozea mbao, fensi, uwe na vipande viwili vinavyosogezwa kila kimoja peke yake, kwa sababu kuna kazi zinazopunguza kingo nzima na mbao ikitoka upande wa pili inahitaji pa kuegemea. Usukani wa kupandisha shafti uzunguke bila kuyumba, na ukiifunga shafti isishuke hata unywele. Kushuka kwa nusu milimita katikati ya kazi kunaharibu milango yote ya jiko moja.

Hatua ya sita: kisukumio na meza ya kuteleza

Kama bajeti inabana, chagua mashine ya hali ya kati yenye kisukumio kuliko mashine ya kifahari isiyo nacho. Kisukumio ni kile kichwa chenye magurudumu matatu au manne ya mpira kinachobana mbao na kuisukuma kwa mwendo mmoja. Kingo zinatoka laini bila alama za kuungua, na mikono iko mbali. Uulize kama meza ina nafasi ya kutobolewa matundu ya kukifunga, maana meza nyembamba haikibebi. Kielekeze kidogo kwenye fensi, ili kiivute mbao ndani badala ya kuisukuma nje.

Kwa ncha za vipande vya kulala kisukumio hakifai. Hapo unahitaji meza ya kuteleza, au sleji ya kujitengenezea ya plaiwudi nzito yenye klampu mbili zinazobana kabisa. Nyuma ya kipande weka mbao ya kuegemea, iliyochongwa umbo lilelile, ili nyuzi zisipasuke kisu kinapotoka. Mfereji wa meza wa kuelekezea sleji usiwe na mchezo. Kwa vipande vifupi sana, chonga ncha za ubao mpana kwanza, ndipo uupasue kupata vipande vyako.

Hatua ya saba: kuikagua ya mtumba

Spindo kuukuu ya Ulaya, iliyotunzwa, huwa imara kuliko mpya ya bei rahisi. Ila ukaguzi wake haufanywi kwa macho tu.

Chomoa umeme, shika shafti kwa juu uitikise mbele na nyuma. Ukihisi mchezo, beringi zimekwisha. Kisha kaa kimya uizungushe kwa mkono, pole pole: iende laini mpaka isimame yenyewe. Ikikwaruza, au ikishika mahali palepale kila mzunguko, kuna tatizo. Azima geji ya saa, uiegemeze kwenye shafti karibu na kitako, zungusha. Sindano ikicheza zaidi ya 0.05 ya milimita, shafti imepinda au beringi haikai sawa. Beringi zinapatikana Kariakoo ukienda na namba yake. Shafti iliyopinda ni jambo jingine, na kwa hiyo ningeondoka.

Ukiridhika, iwashe kwa kasi ya juu bila kisu kwa nusu saa. Weka kiganja kwenye nyumba ya beringi baada ya kuizima: vuguvugu ni sawa, ya kukufanya utoe mkono si sawa. Tazama nyuzi za nati, ringi zote kama zipo, spana yake, na kinga ya visu. Muuzaji akikwambia kinga ilipotea, bei ishuke kwa gharama ya kuitengeneza, na uitengeneze kweli.

Katika bajeti nzima, tenga kama theluthi kwa vitu visivyo mashine: visu, kisukumio, waya, kinga, kifyonza vumbi. Spindo isiyo na visu vizuri itakaa kona ya karakana ikifunikwa turubai.

Vumbi

Vumbi la mvule huwasumbua wengi ngozi na pumzi, na tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani. Kwa bomba la milimita 100 tafuta kifyonza vumbi cha mita za ujazo 600 kwa saa hivi, na kwa la 120 kama 800. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Vaa ya chujio, na viziba masikio.

Ikishafika karakana

Ifunge sakafuni kwa bolti, uisawazishe kwa pima maji. Kama hujawahi kuendesha spindo, usijifunze kwa oda ya mteja. Chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe wanafundisha useremala, na siku chache ukiwa na mtu anayeijua zitakufaa zaidi ya video.

Mbao isukumwe kukabili mzunguko wa kisu, daima. Anza na ncha za vipande vya kulala, zote za jiko zima, kisha ndipo ubadilishe kisu uchonge mifereji ya urefu. Hivyo mpasuko wowote mdogo kwenye ncha unaliwa na kisu cha pili. Uso wa mlango ulale chini kwenye hatua zote mbili, ili tofauti ndogo za unene zijifiche nyuma. Paneli uipitishe mara mbili au tatu, ukianza na ncha zinazokata nyuzi.

Siku utakayopata jozi inayoingiana bila pengo, chonga kipande cha sampuli cha kila kisu kwenye mbao ngumu iliyokauka, uandike juu yake kasi, ringi zilizotumika na mpangilio wake, ukitundike ukutani karibu na mashine. Oda ijayo utaegemeza kipande hicho kwenye kisu, upandishe shafti mpaka kikae, ufunge, upime kwenye kipande cha taka, uanze kazi.